Hakuna Uji Kabla ya Upepo

Katika wodi ya akina mama waliojifungua kwa upasuaji, siku ilianza kwa swali moja, na swali lenyewe halikuwa la adabu hata kidogo. Muuguzi mkuu wa wodi, ambaye wenzake walimwita Sista akiwapo na Kamanda akiwa hayupo, alisimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, akamtazama mzazi usoni na kuuliza kwa sauti ya kufika hadi koridoni: "Umetoa upepo?"

Tuseme ukweli, upepo ni jina la heshima tu. Aliyeulizwa alijua anaulizwa nini, jirani yake alijua, na mume wa watu aliyesimama mlangoni na chupa ya chai alijua pia, akainamisha macho kuangalia viatu vyake. Akijibu ndiyo, Kamanda alitikisa kichwa mara moja, na toroli la uji likasogea. Akijibu bado, toroli lilimpita, likamwachia harufu. Hapakuwa na rufaa. Tumbo lililopasuliwa halipewi kitu mpaka liseme lenyewe kwamba liko tayari, na tumbo, kama tujuavyo, lina namna moja tu ya kusema.

Sheria hiyo Kamanda hakuitunga. Aliikuta wodini akiwa msichana aliyetoka chuoni jana, akaishika, na sasa alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu bado ameishika. Alikuwa na la kujivunia. "Hakuna hata mmoja niliyemruhusu kula baada ya upepo akatapika au akavimba tumbo," alipenda kusema. "Hata mmoja." Na ilikuwa kweli tupu.

Mwenye taabu alikuwa muuguzi kijana wa wodi hiyo hiyo, kwa sababu Kamanda alikuwa shangazi yake. Wala si shangazi wa kuja likizo na pipi mfukoni. Huyu ndiye aliyemlea tangu hajaota meno ya pili, akamsuka nywele, akamsomesha, akamfundisha kutandika kitanda cha mgonjwa mpaka shuka likanyooka bila kunyanzi. Kazini alimwita Sista, nyumbani Shangazi. Shangazi mtu yeye alimwita "mwanangu" kotekote, hata mbele ya daktari, na wenzao walicheka mpaka wakazoea.

Mwaka huo hospitali ilimpeleka binti kwenye mafunzo ya jioni ya uuguzi unaofuata ushahidi. Mkufunzi wao alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenye mazoea ya kukaa juu ya meza. "Kila mnalolifanya wodini, liulizeni," aliwaambia siku ya kwanza. "Nani kakwambia? Na yeye kaambiwa na nani? Ukifika mwisho ukakuta jibu ni 'ndivyo tulivyokuta', basi umepata kazi ya kufanya." Akawafundisha kutunga swali linalojibika, kutafuta tafiti, kuzipima bila kuzionea haya, kisha kuzichanganya na uzoefu wa kazi na matakwa ya mgonjwa mwenyewe, kujaribu, na kupima kama kweli kuna kilichobadilika.

Binti alikolea. Wiki haikwisha, akawa anauliza ushahidi wa kila kitu, kuanzia namna ya kufunga bandeji hadi kwa nini madirisha ya wodi yafunguliwe asubuhi. Wauguzi wenzake wakampa jina, Ushahidi, na likamganda. "Ushahidi, hii chai ina sukari?" walimtania chumba cha mapumziko. Naye alijibu, "Onja, upime, kisha unipe matokeo."

Kila mwanafunzi alitakiwa achague zoea moja la wodi yake, alichunguze, na ikibidi alibadili. Ushahidi hakuhitaji kukuna kichwa. Alisoma tafiti za hospitali nyingi, kubwa na ndogo, na zote zilimwelekeza njia moja: mama aliyepasuliwa salama, asiye na tatizo jingine, akila saa chache baada ya upasuaji haumwi zaidi ya yule aliyesubiri. Tena utumbo wake huamka mapema, na yeye mwenyewe hufurahi. Hata kutafuna chingamu, zilisema tafiti, kunausaidia utumbo uamke. Ushahidi aliposoma hilo la chingamu alicheka peke yake. Kisha akamfikiria shangazi yake, na kicheko kikakatika.

Hapa ndipo alipofanya kosa la kitoto. Angeweza kumwendea shangazi faragha, jikoni, wakimenya viazi. Yeye akaona haya ya nyumbani, akapata ujasiri wa kazini. Asubuhi moja, wakati wa kukabidhiana zamu, mbele ya wauguzi wote na daktari wa upasuaji, akatoa karatasi zake na kuanza kusoma. Alisoma vizuri.

"Ushahidi?" Kamanda aliuliza polepole. "Mimi ndiye ushahidi. Miaka yangu yote humu ndani ndiyo ushahidi."

"Sista, uzoefu ni ushahidi, lakini inabidi tuupime..."

"Sikio halipiti kichwa, mwanangu."

Daktari alijikohoza. "Mimi sina neno," alisema. "Kwa asiye na tatizo, anaweza kula. Lakini wodi ni ya Sista." Akatoka kwenda kwa wagonjwa wake haraka kidogo kuliko kawaida.

Kamanda alizikusanya zile karatasi, akazipanga zikawa sawa, akamrudishia mwenyewe. "Hao wanawake wa kwenye karatasi siwajui," alisema. "Wa hapa ninawajua. Nikimtazama mzazi usoni najua ametoa upepo au hajatoa, kabla hajafungua mdomo. Hakuna anayeweza kunidanganya. Niletee ushahidi wa matumbo ya hapa, ndipo tuzungumze."

Jioni hiyo nyumbani chakula kilipakuliwa, kikaliwa, vyombo vikaoshwa. Ndipo shangazi alipofungua mdomo. "Muuguzi," alisema, "ukitoka zima taa." Akaingia chumbani.

Muuguzi! Ushahidi alisimama katikati ya jikoni na kitambaa mkononi, akahisi kama amepigwa kofi. Akufukuzaye hakwambii toka. Alikuwa na shangazi mmoja tu duniani, na katika ile nyumba hakuwahi kuitwa kwa cheo. Alilia kidogo, kisha akazima taa kama alivyoagizwa. Kama kuutafuta ukweli kungemgharimu huyu mama, yeye hakuwa tayari kulipa. Lakini kila asubuhi aliona toroli likiwapita wanawake walioamka na njaa, wakinyonyesha huku macho yanalifuata toroli, na hilo pia hakuweza kulivumilia.

Basi akaanza kutafuta ushahidi wa hapa. Mpango wake ulikuwa mwepesi: kila mzazi akiulizwa na Kamanda, yeye angepita baadaye, asikilize tumbo kwa stetoskopu, amuulize upepo ulitoka lini, alinganishe. Siku za mwanzo alichanganyikiwa. Mzazi anasema upepo umetoka alfajiri, lakini tumbo limenyamaza kama nyumba iliyohamwa. Akadhani masikio yake yana kasoro. Akaazima stetoskopu ya mwenzake, mambo yakawa yale yale.

Kitanda cha karibu na mlango kulikuwa na mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti ya kuzoea darasa. Alikuwa ameshapewa uji na anaunywa kwa furaha. Ushahidi alimwekea stetoskopu tumboni, akasikiliza, akakunja uso, akasikiliza tena.

"Dada," Mwalimu alisema, "unatafuta nini humo?"

"Upepo ulitoka lini?"

Mwalimu alitazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Kwani wewe mgeni humu? Upepo utatoka nikishamaliza uji. Unatangulizaje moshi kabla hujawasha moto?"

"Lakini umemwambia Sista..."

"Nimemwambia anachotaka kusikia. Nimepasuliwa, nina mtoto wa kunyonyesha, nina njaa ya kula godoro, halafu niseme bado? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, dada yangu." Akapuliza uji wake. "Na wala sikujitungia. Aliyekuwa kitanda hiki kabla yangu ndiye aliyeniachia wosia. Alikuwa anafunga virago, akaniinamia, akasema: mama, akija yule wa mikono nyuma, jibu ndiyo, tena jibu upesi, na umtazame machoni. Na yeye aliambiwa na aliyemtangulia."

Ushahidi alishindwa kucheka, akashindwa kukasirika. Siku zilizofuata alikwenda kliniki ya watoto, wanakopimwa uzito, akawatafuta akina mama waliowahi kulala katika ile wodi. Aliwauliza mmoja mmoja, pembeni, akiwaahidi hakuna atakayesemwa. Walimtazama kwanza kwa wasiwasi, kisha mmoja akaangua kicheko, wa pili akadakia, na mwisho benchi zima likawa linatikisika, watoto nao wanashtuka na kulia. Wamama wazima walikumbushana walivyojibu. Mke wa mchungaji alikiri kwamba alimwomba Mungu msamaha kwanza, ndipo akajibu ndiyo. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hii ilikuwa imepita kitanda hadi kitanda kwa miaka na haijafika mwisho.

Ndipo jambo lenyewe likamjia lote, akiwa bado amesimama pale kliniki. Kamanda alisema hakuna aliyekula baada ya upepo akadhurika. Kumbe walikula kabla ya upepo, karibu wote, na hawakudhurika vilevile. Ushahidi wa hapa alioutaka shangazi ulikuwepo siku zote. Alikuwa ameukusanya shangazi mwenyewe, kwa mikono yake, bila kujua.

Na sasa nani amwambie? Huyu ni mama aliyekuwa anajivunia kitu kimoja kuliko vyote, kwamba hakuna anayeweza kumdanganya. Umwambie, tena akiwa mlangoni pa kustaafu, kwamba wodi nzima ilimcheza shere? Ushahidi aliamua kunyamaza. Heri arudie mafunzo mwaka ujao, na aibu ile aibebe yeye.

Lakini kunyamaza mbele ya aliyekulea ni kazi. Jumamosi mchana walikuwa jikoni, shangazi anachambua mchele, mpwa anakata vitunguu. Tangu ile siku ya karatasi maneno kati yao yalikuwa ya kupimwa kwa kijiko.

"Ule ushahidi wako wa matumbo ya hapa," shangazi alisema bila kuinua macho, "umeupata?"

"Bado, Shangazi."

Shangazi alisimamisha ungo. "Tangu mdogo ukinidanganya unakuna sikio. Umelikuna sasa hivi, tena kwa mkono wenye kitunguu. Sema."

Akasema. Alianza na maneno ya mafunzo, yakamwishia, akaendelea na ya kawaida. Alimweleza habari za stetoskopu, za wosia wa vitanda, za benchi la kliniki. Hakumtaja mtu, isipokuwa shangazi alipouliza kwa sauti ndogo, "Hata mke wa mchungaji?" na yeye akashindwa kukuna sikio mara ya pili.

"Wote?"

"Karibu wote, Shangazi. Na walikuwa wazima. Hiyo ndiyo habari njema. Uliwalisha mapema, na uliwatunza vizuri, hakuna aliyeumia."

Shangazi alirudi kwenye mchele, akachambua mpaka hapakuwa na cha kuchambua, akaendelea kuchambua.

Jumatatu asubuhi Ushahidi alifika wodini mapema. Kamanda alikuwa ameshawasili, mikono nyuma, kama kawaida. Alisimama miguuni pa kitanda cha kwanza, alikolala msichana aliyejifungua jana yake kwa upasuaji, na kabla hajasema neno msichana akaropoka: "Nimetoa, Sista! Nimetoa sana!"

"Sijakuuliza hilo," Kamanda alisema. "Una njaa?"

Msichana aliona mtego. Alimtazama jirani yake kuomba msaada, na jirani akajifanya amelala. "Upepo umetoka, Sista, haki ya Mungu. Mara mbili."

"Mwanangu, upepo wako kaa nao. Nauliza njaa. Unajisikia kula, au tumbo linakataa?"

"Najisikia kula," msichana alisema, karibu kulia.

Kamanda alitikisa kichwa, toroli likasogea. Kisha akageuka, akawakabili wauguzi wake wote. "Kuanzia leo tunajaribu," alisema. "Aliyepasuliwa salama na daktari hana pingamizi, anaulizwa kama anataka kula. Asiyetaka halazimishwi. Na tunapima: nani katapika, nani kavimba, tumbo la nani limeamka lini. Mtu akipatwa na jambo naambiwa mimi kwanza. Ushahidi, wewe utaandika." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa hilo jina la utani, na wauguzi walitazamana. Ushahidi hakujua kama amesamehewa au amepewa adhabu.

Walijaribu mwezi mzima. Kamanda alipima kuliko wote. Aliinama juu ya matumbo kwa stetoskopu yake kuukuu, akafumba macho, akasikiliza, na ole wake aliyeangusha sahani wakati huo. Chingamu nayo ikaingia, na wodi ikapata mandhari ambayo haikuwahi kuonekana, wazazi safu mbili wanatafuna kwa bidii huku wananyonyesha. Kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kudanganya, wanawake walisema kweli, na kweli zao zilikuwa nyingi na za wazi kupita kiasi. Mama mmoja alipaza sauti katikati ya ziara ya daktari, "Sista, mzinga umelia!" na daktari mwenyewe akapoteza mstari aliokuwa anausoma.

Siku ya kutoa matokeo walikusanyika chumba kile kile cha kukabidhiana zamu. Mkufunzi alialikwa, akakosa meza ya kukalia, akasimama. Ushahidi alisoma: aliyetapika wala kuvimba tumbo hakuna, sawa na zamani, matumbo yaliamka mapema, akina mama walitembea upesi na maziwa ya wengi yalikuja bila hangaiko. Watu wakapiga makofi. Mkufunzi akamgeukia Kamanda ampe mkono wa pongezi, na Kamanda hakuwepo.

Ushahidi alimkuta kwenye stoo ya mashuka. Alikuwa amekaa juu ya furushi la mashuka safi, kofia yake ya kazi mapajani.

"Shangazi? Ni matokeo mazuri."

"Nimeyasikia. Ni mazuri." Alijifuta pua. "Nilipomzaa kaka yako nililala humu humu, kitanda cha dirishani. Unalijua hilo?"

"Najua ulipasuliwa."

"Upepo haukuja siku ya kwanza. Siku ya pili haukuja. Kitanda cha pili yangu alikuwa muuza samaki mmoja, kapasuliwa baada yangu, kala kabla yangu. Akaniinamia akaninong'oneza, dada, sema umetoa. Nikamjibu, siwezi, mimi ni muuguzi." Aliigeuza kofia mapajani. "Kaka yako analia, maziwa hayaji, nami nalia naye. Nikajiambia, vumilia, ni kwa faida. Niliamini hivyo mpaka mwezi uliopita. Kwa hiyo katika wodi hii, miaka yote hii, aliyekaa na njaa ni mimi peke yangu?"

Sasa Ushahidi alielewa ni kitu gani shangazi alikuwa anakilinda muda wote ule, na akajiona mjinga kwa kudhani ni kiburi. Hapakuwa na utafiti wa kumjibu. Alikaa karibu naye juu ya mashuka, akamshika mkono, wakakaa hivyo.

Mara mabega ya shangazi yakaanza kutikisika. Mpwa alidhani analia, akamkumbatia, kumbe alikuwa anacheka. "Muuza samaki!" alisema, pumzi zinamwishia. "Miaka yote nilikuwa nalionea wivu tumbo la yule mwanamke! Nilidhani ananihurumia tu, yeye kajaliwa!" Akacheka mpaka machozi yakachanganyikana na yale ya mwanzo. Ushahidi naye akashindwa kujizuia, wakashikana wasianguke, na mhudumu aliyefungua mlango kutafuta foronya akaufunga tena polepole.

Walipotulia, shangazi alivaa kofia yake, kisha akaivua.

"Toroli liko wapi saa hizi?"

"Liko mlangoni kwetu, Shangazi."

"Nenda mwanangu, kaniletee bakuli la uji. Lijaze."

Ushahidi alikwenda mbio, akarudi nalo linafuka moshi. Shangazi akalipokea kwa mikono miwili, akanywa wote mpaka chini, akiwa amekaa juu ya mashuka safi ya wodi, jambo ambalo kama lingefanywa na muuguzi mwingine yeyote, angemsema wiki nzima.